Ikulu Iko Wapi, Mwalimu?

Mwaka 1977 niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Bweranyange. Nilikuwa mwalimu kijana wa historia katika shule moja ya msingi upande wa kaskazini, sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Wakati ule yote ilikuwa Karagwe, na mkoa wenyewe ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Tulisafiri kwa lori la kuazima, watoto wamesimama nyuma wakishikana mabega, pamoja na sufuria moja kubwa, mikungu miwili ya ndizi na debe la maharage. Tulipofika Omurushaka nusu ya watoto walikuwa wamekwisha kutapika, na tulipopita Kayanga wote walikuwa wakiimba tena.

Kwa wiki mbili darasani nilikuwa nimewajaza maneno. Niliwaambia habari za Ruhinda, ambaye masimulizi yasema alimpokonya utawala Nono wa ukoo wa Basita na kuanzisha utawala wa Wahinda. Niliwaambia habari za Rumanyika, za ng'ombe wasiohesabika, za ngoma na mikuki ya shaba. Basi tulipofika juu ya mgongo ule wa kilima, upepo ukipiga na ziwa dogo likimetameta kule chini, msichana mmoja wa mstari wa mbele alizunguka kidogo, akarudi, akaniuliza: "Ikulu iko wapi, Mwalimu?"

Nikanyoosha mkono. "Pale."

Akatazama. "Pale pana migomba, Mwalimu."

Sikuwa na la kumwonyesha. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na nguzo, wala jiwe lililoandikwa. Nikajibu neno la kwanza lililonijia kinywani: "Ilioza." Watoto walicheka sana, na njiani kurudi waliligeuza kuwa wimbo. Kwa miaka mingi nilipolikumbuka jibu lile niliona haya. Sasa nimestaafu, nina wajukuu, na nimelifikiria upya. Naona nilisema kweli kuliko nilivyodhani, ila sikujua namna ya kuiendeleza kweli hiyo.

Ndugu msomaji ambaye hajafika kwetu nimweleze kwa ufupi. Karagwe ni nchi ya vilima virefu vya majani, vimepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala, na kati yake kuna mabonde yenye mito na maziwa madogo madogo yanayopeleka maji yake kwenye mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Bweranyange ilikuwa makao ya Wakama wa nchi hiyo. Tarehe 25 Novemba 1861 walifika hapo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha Nile. Ziwa lile dogo walilipa jina la ziwa la kwao, Windermere, kwa kuwa Grant aliona yanafanana. Sisi tuliokwisha kuwa na jina letu hatukuulizwa, lakini hilo ni jambo la kawaida katika vitabu vya wasafiri.

Lililo muhimu kwangu katika kitabu cha Speke ni jambo moja dogo ambalo wengi hulipita. Anaandika kwamba Rumanyika aliwapokea kwa salamu za Kiswahili, tena Kiswahili kizuri. Hebu tulitafakari jambo hilo. Mwaka 1861, safari ya miezi kutoka pwani, juu ya kilima cha Karagwe, Omukama wa Wanyambo anasema Kiswahili kizuri. Alijifunza wapi? Jibu liko karibu, Kafuro, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa wamepewa mahali pa kukaa tangu enzi za baba yake, Ndagara. Walileta nguo, shanga na waya wa shaba, wakatafuta pembe za ndovu. Musa Mzuri, yule tajiri wa Kihindi aliyekuwa na makao yake Kaze karibu na Tabora, katika miaka ya 1850 aliingia hata katika ugomvi wa urithi na kumsaidia Rumanyika dhidi ya ndugu yake aliyegombea kiti. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro mfanyabiashara aitwaye Hamed bin Ibrahim, anaishi kama mwenyeji.

Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba historia ya mji, biashara na lugha yetu ni mali ya watu wa pwani peke yao, Kilwa, Lamu na Unguja, mimi humwambia aje atazame ramani. Bweranyange ilikuwa na pwani yake. Ilikuwa pwani ya maji matamu, ya mitumbwi na matete, lakini wageni walishukia hapo, bidhaa ziligeuziwa hapo, na habari za dunia ziliulizwa hapo. Stanley huyo huyo aliteremsha mashua yake, Lady Alice, katika ziwa lile, na Rumanyika akaleta mitumbwi yake, wakafanya mashindano. Nimewahi kuwasimulia vijana wa leo habari hiyo ya mashindano, na kila mara macho yao yanafunguka kuliko ninapotaja orodha ya Wakama.

Stanley aliingia pia katika nyumba ya hazina. Alichora picha yake: nyumba ya duara ya nyasi, na ndani yake sanamu za bata za shaba, sanamu za pofu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya namna namna, visu vipana. Chuma na shaba ndani ya nyasi. Kitu kigumu kuliko vyote kilitunzwa ndani ya kitu chepesi kuliko vyote. Picha hiyo niliiona nikiwa mtu mzima, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa jibu langu la mwaka 1977.

Mimi nilizaliwa ndani ya mushonge. Ni nyumba ya duara inayoanza chini na kupanda hadi kileleni kama mzinga wa nyuki, paa na ukuta vikiwa kitu kimoja. Nguzo ni miti, mbavu ni matete, vifungo ni kamba za migomba, na juu ni nyasi zilizotandazwa tabaka juu ya tabaka. Ndani mlikuwa na sehemu ya moto, ya wakubwa, ya watoto na ya mbuzi, na sakafuni nyasi laini zilizobadilishwa mara kwa mara. Mama yangu alikuwa mkali kuhusu nyasi zile. Za zamani hazikutupwa ovyo. Zilipelekwa kwenye kibanja, pamoja na mavi ya mbuzi, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, zikalala chini ya migomba. Nyumba ilipochoka, baada ya miaka kadhaa, nayo ilikwenda huko huko. Migomba ilikula nyumba, sisi tukala migomba. Buni ilikuwa imepandwa humo humo kivulini, na maharage katikati.

Ndiyo maana Bweranyange haikuacha magofu. Mji wa watu wengi, wenye Omukama na walinzi na wake na wafua vyuma na wageni kutoka pwani, ulirudi wote udongoni. Leo wataalamu wanatumia maneno maendeleo endelevu, na hutuletea semina. Nakaa kwenye semina, nasikiliza kwa adabu, nakunywa soda, na moyoni nasema kwamba bibi zetu walijenga mji ambao taka zake ni chakula.

Lakini hapa lazima nijizuie, maana sisi wazee tuna tabia ya kuipaka asali kila iliyopita. Mji ule haukuwa pepo. Wake wa jamaa ya Omukama walinyweshwa maziwa kwa nguvu hadi wasiweze kusimama; Speke alimpima mmoja kwa kamba kama mtu anayepima gunia, jambo ambalo nalo ni aibu, yake na yetu. Nyasi za nyumba kubwa hazikujikata zenyewe, zilikatwa na watu ambao hawakuulizwa kama wana nafasi. Tanuri za kuyeyusha chuma zilikula makaa, na makaa ni miti. Ufundi wa chuma ambao Kagera inajivunia, wenye umri wa miaka 2,000 na zaidi, uliwagharimu watu wa kando ya Ziwa Viktoria misitu mingi. Nchi hii ilipata kuchoka kabla ya kuja Mzungu yeyote.

Tena kuna jambo zito zaidi. Hapo hapo, akiwa mgeni katika nyumba ya Rumanyika, ndipo Speke alipozidi kuvutwa na wazo lake kwamba watawala wa nchi hizi ni watu wa mbegu nyingine, waliotoka mbali kuja kuwatawala weusi wa kweli. Aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863. Wazo hilo lilipita mikononi mwa wengi, wakoloni na wasomi na watu wa dini, likaingia katika vitambulisho na shule za ng'ambo ya mto. Mwaka 1994 tuliiona kazi yake. Maiti zilikuja na mto Kagera. Wakimbizi wakaja kwa maelfu mengi, wakawekwa Ngara na hapa kwetu Karagwe. Vilima vilivyozunguka kambi vilibaki na visiki tu, maana kila familia ilihitaji kuni, na huwezi kumlaumu mama mwenye watoto watatu na chungu kimoja. Mimi sisemi Speke peke yake alisababisha yale. Nasema tukijenga upya mahali alipofikia, tusiweke tu kibao cha kusema Mzungu fulani alilala hapa.

Mji ulikufaje? Haraka haraka: Rumanyika alikufa mwaka 1878, na ugomvi wa urithi ukafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ng'ombe wakafa kama nzi, na nchi ya watu wanaoishi kwa ng'ombe bila ng'ombe ni jina tu. Watu wakapungua, vichaka vikarudi mabondeni, na pamoja na vichaka mbung'o. Wajerumani wakaja, halafu Waingereza. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Makao ya serikali yakawa Kayanga, barabara zikafuata serikali, maduka yakafuata barabara. Baadaye vikaja vijiji vya pamoja vya miaka ya 1970, nyumba mstari kando ya barabara, na kila kijiji kikawa na kitovu kipya: ofisi, bendera, ghala.

Hapo nafika kwenye kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1988 nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi katika kijiji chetu. Tulikuwa na mahali pa zamani pa kukutania, karibu na chemchemi, chini ya mitoma mitatu mikubwa, ile miti ambayo wazee walivua magome yake kutengeneza nguo. Hapo ndipo mashauri yaliamuliwa, rubisi ilinywewa, na wanawake walipumzika na mitungi. Mimi nilitaka ofisi ya kisasa. Nilisimama mkutanoni nikasema kwamba hatuwezi kuendelea kukaa chini ya miti kama watu wa kale. Nilipigiwa makofi. Mitoma ikakatwa, ikachoma matofali yetu, na ofisi ikasimama, ya matofali ya kuchoma na bati, ina madirisha mawili ya vioo. Siku ya kuifungua nilivaa suti.

Chemchemi ilianza kupungua. Sitasema ni mitoma tu, maana mikaratusi nayo ilikuwa imepandwa bondeni, na mikaratusi inakunywa kama walevi. Lakini baada ya miaka michache, wakati wa kiangazi, wanawake walikuwa wanapanga ndoo toka usiku. Siku moja nikapita, bibi mmoja jirani yetu amekaa kwenye ngazi za ofisi na ndoo yake. Nikamsalimu, akaitikia vizuri, kisha akasema: "Mwalimu, tunakushukuru. Umetujengea ofisi ya kusubiria maji."

Sikuwa na jibu. Yule bibi amekwisha kufariki, na ofisi bado ipo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi mkoani Kagera na kuua watu, liliipasua ukuta wa nyuma kutoka juu hadi chini. Wakati tunatazama ufa ule nilikumbuka mushonge wa mama yangu. Ule ungeyumba kidogo, ungesimama.

Sasa nimekuwa mtu wa kuulizwa. Kila panapozuka mazungumzo juu ya Bweranyange, na yanazuka mara nyingi zaidi tangu mwaka 2019, mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipofanywa hifadhi za taifa, watu hunijia. Wanaamini watalii watakuja, na wakija watataka kuona ikulu. Mmoja wa ndugu zangu, mtu wa biashara, anataka ijengwe ya saruji iliyopakwa rangi ya nyasi, "ili isioze tena". Mwingine anataka hoteli ukingoni mwa ziwa. Rafiki yangu wa zamani, mwalimu mwenzangu, anasema tuache kama palivyo, tusisumbue wafu. Wote watatu nawapenda, na wote watatu nawakatalia, ingawa huyu wa tatu ananisumbua usingizi.

Saruji ya rangi ya nyasi naikataa bila maneno mengi. Hoteli haina ubaya mahali pake, lakini ukingo wa ziwa dogo ni kama mdomo wa mtungi, ukiuchafua, umekwisha. Tena watu wanaoishi pale leo wana mashamba, makaburi, shule na madeni. Hawaishi katika makumbusho. Mpango wowote utakaowaona kama mandhari ya picha utashindwa, na utastahili kushindwa.

Nimejaribu kujifunza kwa majirani. Kule Kampala makaburi ya wafalme wa Buganda, Kasubi, yalikuwa katika nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882. Mwaka 2001 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliungua yote. Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini Waganda walikuwa bado na watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kuezeka ni kazi yao ya urithi, na walikuwa na watu wa kuwafundisha. Ilichukua muda mrefu sana, pamoja na ubishi mwingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichoiokoa nyumba ile ni mikono iliyokuwa bado inajua.

Nyanza, Rwanda, wamejenga upya makao ya mfalme kwa nyasi, na nyuma yake kibanda cha maziwa na kibanda cha pombe, na ng'ombe wa pembe ndefu ambao vijana huwaimbia. Pamependeza, lakini ni mahali pa kutembelea. Jioni wageni huondoka. Kwa Unguja nako, Mji Mkongwe uliandikwa urithi wa dunia mwaka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi tangu miaka ya 1980, hata hivyo sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikiwa kwenye matengenezo. Mawe ya matumbawe na chokaa nayo huoza, huchukua muda tu. Nyumba ya mawe inadanganya kwamba haihitaji watu. Nyumba ya nyasi haikudanganyi. Miaka miwili ukiipuuza inavuja kichwani mwako.

Basi mimi nasema hivi kuhusu Bweranyange, na vijiji vyetu vingine vyenye vitovu vya zamani. Tuanze na nyasi. Hili ni jambo la chini kabisa, na watu hucheka ninapolitaja. Lakini nani leo ana nyasi za kuezekea? Nyika za majani ambazo zamani zilikuwa za wote zimegawanywa, zimepandwa mikaratusi, au zimo ndani ya hifadhi ambako huruhusiwi kukata hata unyasi. Ukitaka kujenga mushonge mmoja tu mkubwa leo, utatafuta nyasi mpaka uchoke, utaishia dukani kwa bati. Na hapa kuna kichekesho: Kyerwa kwetu inachimba madini ya bati tangu wakati wa ukoloni, ingawa bati la paa si bati la mgodini; ni chuma kilichopakwa zinki, tena kinatoka mbali.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Kijiji kikitenga ekari chache za nyasi, kikazilinda na moto na mbuzi, kimekwisha kuanza. Nyasi zile zile zinashika maji ya mvua juu ya chemchemi. Halafu iwepo nyumba moja, moja tu, inayojengwa upya kila baada ya miaka michache na vijana wa shule wakiongozwa na wazee wachache waliobaki wenye ufundi. Kuoza kwake kuwe ndiyo ratiba ya somo. Paa la zamani liende kwenye kibanja cha shule, na hapo zipandwe aina zote za ndizi ambazo bado tunazo, kabla mnyauko, ulioingia mkoani katikati ya miaka ya 2000, haujazimaliza zile zisizo na soko. Watoto wajue kwamba kuna ndizi za kupika, za kuchoma, za pombe na za kuiva, na kila moja ina jina.

Umeme je? Waweke. Vijana hawatakaa gizani ili mtalii apige picha. Bati nalo liwepo kwenye zahanati na shule, maana bati linakusanya maji ya mvua, na tanki moja la shule linaokoa wasichana safari ya bondeni. Shirika la MAVUNO hapa Karagwe limefanya kazi ya matanki hayo kwa miaka mingi, na pamoja na watafiti kutoka Berlin limejaribu mbolea ya mchanganyiko: mabaki ya jikoni, majivu, masalio ya gesi ya samadi, hata ya vyoo vikavu. Nilipoelezwa kanuni yake nilicheka kwa furaha, maana ilikuwa kanuni ya mama yangu, ila sasa imepimwa kwa mizani.

Na ziwa? Rumanyika alikwisha kutuonyesha. Mara moja kwa mwaka yawepo mashindano ya mitumbwi, na kabla ya mashindano kila mshiriki afanye kazi ya siku moja kwenye ukingo, kupanda matete palipokatwa. Wageni wakija na watazame, walipe kiingilio, wale ndizi. Fedha ziingie katika akaunti ya kijiji na hesabu ibandikwe ukutani ambapo kila mtu anaona. Hapo ndipo penye kazi kuliko nyasi, nakiri. Nimekaa kwenye kamati miaka mingi, na najua fedha ya kiingilio inavyoweza kuyeyuka bila tanuri.

Rafiki yangu wa tusisumbue wafu ameyasikia yote haya. Aliniuliza swali moja: "Na msichana wako yule wa darasa la sita, kama angekuwa hapa, ungemwonyesha nini?" Nilimwambia ningempa panga akakate nyasi. Akasema, "Angeondoka, aende zake Mwanza, kama walivyoondoka wote." Huenda ana haki. Katika watoto wale wa lori, ninaowajua waliobaki vijijini hawafiki kumi. Wanarudi Desemba, wakati wa sikukuu na senene, wanajenga nyumba kubwa za kulala siku saba, na kufuli linakaa mlangoni mwaka mzima. Wakizeeka huenda watarudi na kuuliza chemchemi iko wapi. Sitaki tena kujibu kwamba ilioza.

Mwaka jana tulianza kidogo, kwetu huku Kyerwa, nyuma ya ile ofisi yenye ufa. Mkutano wa kijiji ulikubali, kwa kura ambazo sizitaji maana hazikuwa nyingi, tupande mitoma mipya na tutenge kipande cha nyasi juu ya chemchemi. Mzee mmoja mwezekaji, umri wake umenipita miaka kumi na zaidi, alikuja na kamba ya mgomba na kigingi. Alichomeka kigingi katikati, akampa mjukuu wangu mwisho wa kamba, akamwambia azunguke huku akikwaruza ardhi kwa fimbo. Kijana alizunguka mara moja, duara likaonekana. Akapiga picha kwa simu.

Halafu ukaja ubishi wa mlango. Mzee alisema mlango utazame barabara ya zamani, walikotokea wageni. Mimi nikasema utazame maji. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alisimama akasema hajali unatazama wapi, mradi uwe mpana wa kupita mtu mwenye mzigo kichwani. Tukabishana hadi jua likaelemea upande wa Rwanda. Duara lipo, mvua imelififisha kidogo, na kigingi bado kimesimama katikati. Nyasi zinataka mwaka mwingine mmoja.